Maswali Yenu: Nguvu ya Bunduki ya Hewa ya Springi

SWALI: Mhariri, bunduki yangu ya kukunja mtutu, ya milimita 4.5, siku hizi risasi zake zinaangukia chini ya shabaha. Fundi ananishauri nitie springi nene zaidi. Nimsikilize?

JIBU: Subiri kwanza, ndugu msomaji. Springi, ambayo hubanwa unapokunja mtutu kisha husukuma pistoni ili hewa irushe risasi, hukaguliwa mwisho. Kazi ya mwanzo ni kupima, kwa sababu sikio hudanganya: bunduki yenye kishindo na mrusho mkali inaweza kuwa ndiyo dhaifu. Tafuta kifaa cha kupimia kasi ya risasi, hata cha kuazima, upige risasi 10 za kopo moja na kuandika kasi ya kila moja. Kisha chukua uzito wa risasi kwa kilo, zidisha kwa kasi mara kasi, gawanya kwa mbili. Hapo utapata jouli, yaani kipimo cha nguvu ya risasi. Risasi ya gramu 0.53 ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde ina jouli 15.3. Ikitoka kwa mita 200 ina jouli 10.6. Kasi imepungua kwa sehemu moja tu kati ya sita, lakini nguvu imepotea karibu theluthi nzima.

Zitazame pia zile namba 10 zinavyopishana. Zikiwa chini lakini zimekaribiana, mara nyingi springi imefupika kwa uchovu. Zikiruka juu na chini, shuku hewa inayovuja au mafuta yanayoungua ndani.

Uvujaji wa kwanza kuutafuta uko kwenye oringi, pete ya kuzuia hewa iliyo pale mtutu unapokutana na silinda. Tia risasi, funga mtutu, laza kipande cha karatasi laini ya chooni juu ya kiungo hicho, kisha piga kuelekea kwenye kizuizi salama. Karatasi ikirushwa, umempata mwizi wako. Ing'oe oringi kwa kijiti cha mbao, usitumie bisibisi maana hukwaruza mfereji inamokaa, halafu weka mpya. Inatakiwa ijitokeze kidogo, kiasi cha kuhisiwa na kidole. Ikizama, ipandishe kwa washa (pete bapa) nyembamba. Marekebisho haya madogo hurudisha nguvu ambayo wengi huikimbilia kwenye springi mpya.

Karatasi ikitulia, sasa fungua silinda (soma kwanza jibu linalofuata) uitazame sili ya pistoni, yaani kifuniko cha mbele kinachozuia hewa isivuje: kingo zilizopasuka, weusi wa kuungua au uso uliobonyea. Sili ya ngozi iliyokauka hufufuka kwa matone machache ya mafuta. Ya plastiki iliyochanika haifufuki, badilisha.

SWALI: Nikitoa pini ya nyuma, ile inayoshika kizibo cha silinda, springi itaniruka?

JIBU: Itakuruka, na hili tunaomba lisomwe kwa makini. Springi imebanwa humo ndani hata kama bunduki haijakokiwa, yaani mtutu haujakunjwa ili kuibana zaidi. Springi yenye ugumu wa nyutoni 7 kwa kila milimita, iliyobanwa milimita 40 wakati wa kuiunganisha, inasukuma kwa nyutoni 280, sawa na mzigo wa kilo 28 hivi. Kizibo cha nyuma kikiachiwa kwa nguvu hiyo kinaweza kuvunja meno.

Hakikisha kwanza mtutu hauna risasi na bunduki haijakokiwa. Ivue kitako cha mbao au plastiki. Ilaze silinda kwenye kibanio kirefu cha skrubu, chenye urefu wa kutosha kuifuata springi mpaka ilegee kabisa, na uweke kipande cha mbao ngumu kati ya skrubu na kizibo. Kaza kidogo hadi pini ikae bila kubanwa, itoe, kisha legeza skrubu polepole hadi springi iache kusukuma. Simama kando, kamwe usikae nyuma ya kizibo. Kubana kwa magoti au kwa kifua si njia.

Na jambo moja la kila siku: usivute kifyatulio mtutu ukiwa umekunjwa. Mtutu utarudi kwa kishindo, uvunje vidole au upinde wenyewe.

SWALI: Ninafanya mazoezi ya mita 10 tu. Naweza kupunguza nguvu bila kuiharibu bunduki?

JIBU: Unaweza, na ni uamuzi mzuri: bunduki iliyopunguzwa kidogo hukokiwa kwa urahisi na hutulia mkononi. Nguvu inayohifadhiwa na springi inategemea ugumu wake, mwendo wa pistoni na mbano wa awali, ule wa kabla ya kukoki. Tuchukue springi ileile ya nyutoni 7, mwendo wa milimita 80, mbano wa awali wa milimita 40. Ikikokiwa inahifadhi jouli 44.8, na takribani theluthi tu ya hizo hufika kwenye risasi. Ukiondoa washa za milimita 10 nyuma ya springi, hifadhi inashuka hadi 39.2. Ukiongeza washa ya milimita 5 badala ya kupunguza, inapanda hadi 47.6, nyongeza ya asilimia 6 tu. Kwa hiyo badilisha milimita 2 au 3 kila mara, unganisha, pima risasi 10, ndipo uamue tena. Usishushe mbano hadi springi icheze ndani bunduki ikiwa haijakokiwa; pistoni haitakaa mahali pake.

Kabla ya kugusa chochote, ijue sheria ya nchi yako. Uingereza bunduki ya hewa ikivuka futi-pauni 12, yaani jouli 16.27 hivi, inahitaji cheti cha silaha. Ujerumani mpaka wa bunduki zisizohitaji kibali cha kununua ni jouli 7.5. Kwingine hata iliyo dhaifu inataka leseni. Baada ya kila marekebisho pima kwa risasi za uzito tofauti, kwa sababu bunduki iliyo chini ya mpaka kwa risasi moja inaweza kuuvuka kwa nyingine.

SWALI: Na ile springi nene? Au nikate iliyopo?

JIBU: Ugumu hupanda kwa kipenyo cha waya kikizidishwa chenyewe mara nne. Kutoka waya wa milimita 3.1 hadi 3.3, mizunguko na upana vikibaki vilevile, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 28. Tatizo lingine ni nafasi. Mizunguko 34 ya waya wa 3.1 ikigusana yote inashika milimita 105.4, ya 3.3 inashika 112.2. Ikigusana kabla pistoni haijanaswa na kifyatulio, bunduki haitakoki, na ukilazimisha utapinda mkono wa kukokia. Mtengenezaji alichagua springi kulingana na uzito wa pistoni na mwendo wake; iheshimu hesabu hiyo.

Kukata kunapunguza mbano, lakini mizunguko iliyobaki inakuwa migumu kidogo, kwa hiyo matokeo si rahisi kuyakisia. Ncha iliyokatwa lazima ifungwe, yaani ilazwe igusane na mzunguko wa jirani, na kusagwa iwe bapa, la sivyo springi inapinda na kukwaruza silinda. Moto wa kuifungia usipite mzunguko wa mwisho. Chuma cha springi kikipashwa moto kupita kiasi hulegea. Sisi tungenunua springi fupi iliyotengenezwa hivyo.

SWALI: Baada ya kupaka mafuta inatoa moshi na mlio mkubwa.

JIBU: Mafuta yameingia mbele ya pistoni na yanaungua kwa joto la hewa iliyobanwa. Huunguza sili na huweza kuvunja springi. Fungua, futa silinda ikauke, kisha paka grisi ya molibdeni, utando mwembamba tu, ubavuni mwa pistoni. Uso wa sili uache mkavu, isipokuwa ile ya ngozi.

SWALI: Nguvu imeongezeka lakini shabaha imeharibika. Kwa nini?

JIBU: Pistoni nzito inayosukumwa kwa kasi hutikisa bunduki kabla risasi haijatoka mtutuni. Jaribu risasi za uzito wa kati: nyepesi mno huiacha pistoni igonge mwisho wa silinda, nzito mno huifanya idunde kurudi nyuma. Kaza skrubu za kitako na za darubini, na uishike bunduki kwa wepesi, mkono wa mbele ukae palepale kila mara. Ukisikia mlio wa waya unaotetemeka, kijiti cha kuongozea springi kimelegea. Kinachofaa kinaingia kwa kusukumwa na kidole, hakipwayi. Ikishindikana, punguza mbano milimita 3 na urudie kulenga.