Maji ya moto jikoni yanatoka kama uzi? Usinunue pampu kabla hujapishanisha mipira ya chini ya sinki

Mkuu, acha kwanza. Kama hiyo pampu bado hujailipia, usilipie.

Umeandika mwenyewe: jikoni maji baridi yanatoka kwa nguvu, ya moto yanatoka kama uzi, na bafuni ya moto yako vizuri kabisa. Fundi kaja, kafungua bomba, katingisha kichwa, kasema "presha ndogo, weka pampu kwenye laini ya moto." Sasa unauliza pampu ya wati ngapi, na paipu ya kutoka kwenye hita iwe nusu inchi au robo tatu. Ya paipu iache. Tuongelee hii ya pampu, maana inaniuma.

Hita ni moja. Ingekuwa mbovu, au presha ingekuwa ndogo, bafuni pangelia pia. Bafuni hapalii. Kwa hiyo ubaya uko baada ya pale paipu inapochepuka kwenda jikoni, na mara nyingi uko ndani ya kabati la sinki, umbali wa mkono wako. Fundi ambaye hajafungua hilo kabati hajapima kitu. Kakuuzia pampu kwa sababu pampu ina faida na washa ya mpira (kipete kidogo cha kuziba) haina.

Hivi ndivyo pampu inavyokula hela. Mahali fulani kuna tundu lililobanwa. Ukizidisha presha mara mbili, maji yanayopita kwenye tundu lile lile yanaongezeka kwa takriban asilimia 40 tu. Yaani lita 2 kwa dakika zinakuwa kama 2.8. Umenunua pampu, umevuta umeme, umekata paipu, na bado unasubiri sufuria ijae. Hapo ni kama ikiwaka. Pampu ndogo za kujiwasha zina swichi inayohisi maji yakitembea, na kwa mtiririko mdogo namna hiyo inaweza isihisi kitu, au iwake na kuzima, iwake na kuzima, tatatata, usiku kucha. Nimejuaje? Tuachane na hayo.

Kuna na madhara. Pampu nyingi za bei ndogo zimetengenezwa kwa maji baridi, sili zake (mipira ya ndani ya kuzuia maji yasivuje) hazistahimili nyuzi 60. Presha ya moto ikizidi ya baridi, bomba la mikisa (linalochanganya moto na baridi) likiwa katikati linaweza kusukuma maji ya moto yarudi kwenye laini ya baridi, na anayeoga atapiga kelele. Pampu ikifungwa kabla ya hita ndiyo mbaya zaidi. Valvu ya usalama ya tangi, ambayo kwa hita nyingi za umeme imewekwa kufunguka kwenye bar 6 hadi 8, itaanza kudondosha, na mipira iliyochoka chini ya sinki (zile paipu laini zinazotoka kwenye valvu kwenda kwenye bomba) itatafuta siku ya kupasuka. Itapasuka hujarudi nyumbani. Mipira ina tabia hiyo.

Sasa kazi yenyewe, bure kabisa. Chukua jagi la lita 1 na simu yenye saa. Fungua baridi hadi mwisho, hesabu sekunde za kujaza. Kisha moto. Gawa 60 kwa sekunde, unapata lita kwa dakika. Sekunde 8 ni lita 7.5, bomba zima. Sekunde 30 ni lita 2, hilo lako. Andika namba. Usiseme "yanatoka kidogo", hata yule fundi alisema hivyo.

Na usianze kufungua kichujio cha mdomoni kwa sababu kila mtu mtandaoni anakuambia ukiloweke kwenye siki. Kwenye mikisa, moto na baridi vinatokea mdomo mmoja. Baridi ikipita vizuri, kichujio hakina kesi.

Kipimo chenyewe ni kupishanisha mipira. Zima hita. Funga valvu zote mbili chini ya sinki, nyanyua mkono wa bomba presha itoke, weka beseni. Funga kauzi kwenye mpira wa moto usije ukasahau. Fungua nati za mipira upande wa valvu, siyo kule juu. Tumia spana mbili: moja inashika mwili wa valvu, nyingine inazungusha nati. Ukitumia moja, valvu inajizungusha yenyewe ukutani na kiungo kinaanza kuvuja ndani ya plasta, na hapo ndipo utamjua fundi wa vigae. Kisha mpira wa moto ufunge kwenye valvu ya baridi, na wa baridi kwenye valvu ya moto. Usizungushie tepu, washa bapa iliyomo ndani ya nati ndiyo inayoziba. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana. Fungua valvu, pima tena kwa jagi pande zote mbili.

Udhaifu ukibaki upande wa moto wa mkono, ingawa sasa unalishwa na valvu ya baridi, basi mbovu ni mpira au katriji (kile kifaa cha ndani ya bomba, chini ya mkono, kinachofungua na kuchanganya maji). Udhaifu ukihamia upande wa baridi, bomba lako ni zima. Tatizo ni valvu ya moto au paipu iliyo nyuma yake. Dakika 20, na umeshajua zaidi ya yule mtingisha kichwa.

Kama ni mpira au katriji: vua mpira, uangalie kama bomba la darubini. Lazima uone mwanga. Nje nyuzi za chuma zitang'aa kama mpya, kumbe mpira wa ndani umevimba kwa joto na kujifumba. Ukiwa mzima, fungua katriji. Valvu zikiwa zimefungwa, ziba tundu la sinki kwa tambara (skrubu hupenda kule), banua kifuniko chenye nyekundu na buluu, legeza skrubu kwa alen ki, mara nyingi ya milimita 2.5, vua mkono, kisha kofia, kisha nati kubwa. Katriji nyingi ni za kipenyo cha milimita 35 au 40. Nenda nayo dukani, usikisie. Chini yake kuna matundu, na la moto utalikuta na magamba ya chokaa, maana chokaa huganda zaidi maji yakipashwa. Loweka kwenye siki nusu saa, usikwangue kwa kisu. Kabla ya kurudisha, funika mwili wa bomba kwa kikombe na ufungue valvu ya moto kidogo tu, sekunde mbili, uchafu utoke. Hita iwe imepoa. Maji ya nyuzi 60 yanababua kwa sekunde chache. Oringi (pete za mpira za katriji) zipake grisi ya silikoni. Vaselini hapana, inavimbisha mpira, na mwezi ujao utarudi hapa.

Kama ni valvu: zile za kuzungusha mara nyingi zina washa inayokatika kutoka kwenye shina. Unazungusha, unahisi imefunguka, kumbe washa imelala juu ya tundu. Funga maji kwenye tokeo la hita, kisha ubadilishe valvu nzima, usihangaike kuikarabati. Valvu ikiwa safi na maji bado hafifu, jiulize tatizo lilianza lini. Likiwa la tangu nyumba mpya na paipu ni PPR (za plastiki, zinaungwa kwa kuchomwa), kuna kiungo kilichochomwa kupita kiasi, plastiki ikayeyuka ikaziba ndani. Likiwa limekuja polepole na paipu ni za chuma, ni kutu. Hizo ndizo za kukata ukuta, na huzifikii kabla hujamaliza kabatini.

Bomba la zamani la mikono miwili lina dalili yake: linaanza kwa nguvu, maji yakishapata moto linafifia lenyewe bila kuguswa. Ni washa inavimba kwa joto. Badilisha washa, umemaliza.

Fanya leo, halafu weka hapa namba nne: sekunde za baridi na moto kabla ya kupishanisha, na baada. Na ukishaona, rudisha mipira ilivyokuwa. Ukijisahau, asubuhi utaosha vyombo kwa maji baridi upande wa moto na kuja kunilaumu mimi.