Kabla Hujampa Kuku Jina

Baba mkwe alifika kwetu Uyole akitokea Kyela, saa tisa alasiri, bila taarifa, na mkungu wa ndizi begani. Mkwe akibisha hodi hakuna kikao: anachinjwa kuku. Bandani siku hiyo kulikuwa na jogoo mmoja tu mwenye nyama ya kumwekea mgeni, na bahati mbaya jogoo huyo alikuwa na jina. Aliitwa Diwani, kwa kuwa kila siku saa kumi alfajiri alianza kuhutubia watu ambao hawakumwita.

Diwani ndiye peke yake aliyepona kati ya vifaranga tisa waliototolewa Julai. Wenyeji wa Mbeya wanaijua Julai, mwezi ambao ukishika ufagio asubuhi vidole havikunji. Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alimlea kwenye boksi la sabuni jikoni, akimtwangia dagaa na kumbadilishia matambara. Alipokua akawa anamsindikiza mpaka barabarani akienda shule, kisha anarudi mwenyewe.

Nikamtuma binti dukani chumvi. Aliporudi nikamwambia kicheche amepita.

Jioni tukakaa kula. Firigisi, kama ilivyo ada, ilikuwa kwenye sahani ya mzee. Mtoto aliitazama, hakulia, akauliza kwa adabu kabisa: "Babu, kicheche alikuachia hiyo?" Mzee wa watu, ambaye hakujua lolote, aliacha kutafuna akanigeukia mimi.

Tangu siku hiyo kila anayeniambia anataka kuanza kufuga vikuku viwili vitatu nyuma ya nyumba, namwuliza kwanza hilo, kabla ya bati na misumari: hao watakuwa kitoweo au wanafamilia? Wengi hucheka. Wanasema mfugo ni mfugo. Lakini tazama Kiswahili chenyewe kinavyotuchanganya. Tunafuga ng'ombe, tunafuga mbwa, tunafuga paka, mpaka ndevu tunafuga, kwa neno hilo hilo moja. Lugha haikutupa mpaka, kwa hiyo mpaka inabidi kila nyumba ijiwekee.

Na jina si tatizo, nataka niliseme hilo mapema maana wengi hushauri watoto wasiruhusiwe kuwapa mifugo majina. Bibi yangu kule Tukuyu hakuwahi kuwa na ng'ombe asiye na jina. Alimwita, ng'ombe akaja, akakamuliwa huku anaongeleshwa habari za majirani. Ndama dume naye alipewa jina, na siku ya kuuzwa ikifika aliuzwa na jina lake, watoto wote tukijua toka amezaliwa kwamba dume hakai. Hatukufurahi, lakini hakuna aliyeshtuka.

Simbilisi, wale vinyama wa manyoya ambao Wazungu huwaita guinea pig, nao ni hivyo hivyo. Nyumba nyingi za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini wamekimbizana kwenye sakafu ya jiko, wanafyatuka kutoka chini ya kuni wakisikia majani yanadondoka, na watoto wanawashika siku nzima. Siku nyingine wako kwenye sufuria. Ulaya mnyama huyo huyo anakaa kwenye kizimba chumbani kwa mtoto na kupelekwa kwa daktari, na Peru analiwa. Simbilisi ni yule yule (na popote alipo anahitaji majani mabichi kila siku, maana mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, usimlishe pumba tupu). Kinachobadilika ni makubaliano ya wenye nyumba.

Sasa nieleze upande wa pili, kwa sababu ndio ulionigharimu zaidi. Baada ya Diwani nilijawa na hatia, nikageuka. Kuku wote wakawa wa kupendwa. Hakuna kuchinja. Mitetea iliyoacha kutaga iliendelea kula pumba na mashudu ya alizeti kama pensheni, na mume wangu akanunua nyama buchani huku kuku wanampita miguuni. Hayo bado yalikuwa madogo.

Kulikuwa na tetea mmoja mweupe, Bi Harusi. Asubuhi moja nikamkuta amejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kijani. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyefuga kuku kabla sijazaliwa, alimwangalia mara moja tu juu ya ua akasema, "Mwanangu, huyo mtenge leo leo. Ikibidi mmalize, mfukie." Nikamwona katili. Bi Harusi alilala jikoni kwangu kwenye kikapu, na mchana nikawa namtoa uani akae na wenzake asijisikie mpweke. Ndiyo, niliandika hivyo: asijisikie mpweke. Siku mbili baadaye shingo ilianza kujipinda. Nilikimbilia duka la dawa za mifugo nikanunua unga wa antibayotiki, nikauchanganya kwenye maji ya kuku wote. Kumbe ulikuwa mdondo, na mdondo ni ugonjwa wa virusi, hauna tiba, na antibayotiki haiugusi. Kabla wiki mbili hazijaisha, kati ya kuku 26 walibaki 3. Mayai ya hao watatu nayo tuliyatupa mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa zilipopita.

Ningemtazama kama mfugaji anavyotazama kundi, ningewaokoa wengi. Nilimtazama mmoja kama mtoto wangu.

Ningekuwa pia nimechanja. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku asiyeumwa, kisha inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja na ukishakifungua si cha kuweka akiba, ndiyo maana watu wengi huahirisha. Mtaani kwetu sasa tunachangishana nyumba tano, tunapita banda kwa banda asubuhi moja. Yule mama jirani ndiye anayeshika kuku, mimi nadondosha. Hajawahi kunikumbusha habari za Bi Harusi, Mungu ambariki.

Kwa hiyo ukiniuliza ninavyofanya leo, nafuga mifugo, na ndani ya mifugo nina wachache wa kupendwa ambao wanajulikana. Kila mtoto ana kuku mmoja. Kuku huyo anafungwa uzi mwekundu mguuni, haubani, na hachinjwi hata aje mkwe na ukoo mzima. Wengine wote ni wa mayai, wa kuuza sokoni Mwanjelwa, na wa sufuria, hata wakipewa majina ya malaika. Siku ya kuchinja nasema asubuhi, mezani, nani anaondoka. Mtoto anayetaka kwenda kwa shangazi anakwenda. Hakuna anayelazimishwa kushika miguu wala kutazama. Kisu kinanolewa vizuri, kazi inafanyika nyuma ya choo mbali na macho ya kuku wengine.

Ugonjwa ukiingia, uzi haumlindi mtu. Anayeumwa anatengwa, mwenye uzi na asiye na uzi.

Wala msinielewe vibaya kwamba asiye na uzi ni wa kuteswa. Nawaona vijana wa bodaboda wakipita na kuku wananing'inia usukani, vichwa chini, kutoka kijijini mpaka sokoni, na mwenye kuku akiulizwa anajibu, "Si wanaenda kuliwa?" Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya mbwa peke yake. Mimi wa kuuza nawapeleka kwenye tenga, wamekaa, na wanunuzi huniambia kuku wangu hawana michubuko.

Mfumo wangu una tatizo moja. Wiki iliyopita nilikuwa nafagia banda nikaona miguu mingi inang'aa nyekundu, nikaanza kuhesabu. Nina watoto watatu. Kuku wenye uzi walikuwa tisa, na sweta langu jekundu la baridi limefumuliwa mkono mmoja mpaka kwenye kiwiko.