Kutangatanga si kuzurura

SWALI: Mwalimu, nimeandika makala fupi kuhusu ghazali (shairi la mapenzi) ya mshairi wa Kiurdu Nasir Kazmi, inayoimbwa na mwimbaji wa Pakistan Ghulam Ali, “Dil mein ik lehar si uthi hai abhi”, yaani “moyoni kama wimbi limeinuka sasa hivi”. Nimesema msemaji wake ni mzururaji wa usiku aliyefarakana na mpenzi. Mhariri amekata maneno yote mawili. Yana kosa gani?

JIBU: Mhariri wako kaona mbali. Kuzurura kwa Kiswahili cha leo kumebeba lawama. Anayezurura hana kazi wala shughuli, na watu wamekamatwa na kushtakiwa kwa uzururaji. Kutangatanga hakumhukumu mtu. Hata moyo hutangatanga.

Kufarakana ndiko kunakoiumiza zaidi makala yako. Waliofarakana wamekosana: ndugu hufarakana kwa shamba la urithi, viongozi wa chama hufarakana kwa vyeo. Shina lake la Kiarabu ndilo lililozaa pia “firaq” ya washairi wa Kiurdu, na undugu huo huwaponza wafasiri. Firaq ni kuwa mbali na umpendaye, pawe na kosa au pasiwe.

Katika ghazali hii sioni ugomvi hata chembe, na kwangu mimi hapo ndipo penye mvuto wake. Kazmi alizaliwa Ambala mwaka 1925. Uhindi ilipogawanywa mwaka 1947 kuwa India na Pakistan, alihamia Lahore, upande wa Pakistan, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1972, akijulikana kwa matembezi yake ya usiku mjini. Alichokiacha nyuma ni mji, jamaa, maisha mazima, na hakuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole. Ubeti mmoja unasema hivi, kwa maneno yangu: katika vichochoro vya mji visivyo na taa, uhai unakutafuta bado.

Anayetafutwa ni nani? Mpenzi? Rafiki aliyebaki upande wa pili wa mpaka? Mji wenyewe? Shairi halisemi, na kila msikilizaji anamweka hapo mtu wake. Kiswahili kimetupa bahati hapa: “-ku-” ya “unakutafuta” haifichui kama ni mwanamume, mwanamke au mji. Usiiharibu kwa kuongeza “ewe mpenzi”, kama nionavyo katika tafsiri nyingi.

Kwa hiyo andika “anayetangatanga usiku” na “aliyetenganishwa na ampendaye”, au “aliyepotezana naye”. Mimi napenda hili la mwisho, maana waliopotezana huenda wote wawili wanatafutana.

Jambo moja hukuliuliza, ila litakufaa ukinukuu beti zaidi. Maneno “hai abhi” (“abhi” ni “sasa hivi” au “bado”) hurudi mwishoni mwa kila ubeti, nayo ndiyo radifu ya ghazali, yaani kirudio chake. Wengi hukimbilia “-ngali”: uhai ungali unakutafuta. Ni Kiswahili safi, lakini “-ngali” haiwezi kukaa mwisho wa mshororo, na radifu ikihama mahali pake, sikio halina tena cha kungojea. Tumia “bado”, uiweke mwisho kabisa, ubeti baada ya ubeti.