Fundi wa Redio Anajibu: “Nilizima redio, radi ikaiunguza vilevile”

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Bukoba, nina leseni ya redio ya ridhaa na redio ya mawimbi mafupi ya wati 100. Antena ni daipoli (waya uliogawanywa katikati) ya bendi ya mita 40, imefungwa toka kwenye mwembe hadi mlingoti wa bomba nyuma ya nyumba. Redio nimeipa ethi yake, fimbo niliyopigilia chini ya dirisha, mbali na ethi ya umeme wa nyumba iliyo upande wa mita. Mwezi uliopita radi ilipiga mti wa jirani alfajiri. Redio ilikuwa imezimwa, na swichi ya ukutani pia, lakini asubuhi haikuwaka, na pawasaplai inanuka kuungua. Radi imepita wapi? Nikinunua aresta, kile kifaa cha kupeleka umeme wa radi ardhini, nitakuwa salama?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Najua redio ya namna hiyo haipatikani kirahisi.

Kwa maelezo yako, ninachokishuku kwanza ni hizo ethi mbili. Radi ikipiga mti, mkondo wake, ambao mara nyingi hufika ampea 30,000, hutawanyika ardhini. Kwa muda mfupi mno udongo ulio karibu na mti huwa na volti nyingi kuliko ulio mbali. Fimbo ya dirishani ikawa na volti zake, ethi ya mita na zake, na katikati yake njia ya waya ilikuwa ni bodi ya redio, pawasaplai na waya wa ethi wa plagi. Redio yako ikawa daraja. Hapo radi haihitaji hata kugusa antena, ingawa daipoli nayo huokota umeme wa radi iliyopiga jirani.

Swichi isingekuokoa. Ya ukutani hukata layini tu, yaani waya unaoleta umeme. Ethi inabaki imeunganishwa. Na hapo inapokata, nafasi ni milimita chache, wakati radi imeshuka toka mawinguni.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, unganisha ethi zako. Toa waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 16 kwenye fimbo ya dirishani, uzungushe nje ya nyumba hadi ethi ya mita. Ufukie, maana shaba inayoonekana huibwa. Upande wa mita mwite fundi umeme mwenye leseni. Ukiweza, ongeza fimbo za mita 2.4 njiani, zikiachana kama mita 5.

Aresta nunua, lakini isikae mezani. Pale kebo ya koaksi, ile inayotoka kwenye antena hadi redioni, inapoingilia nyumbani, nje, funga bamba la shaba, aresta uikaze hapo, na bamba liende kwenye fimbo kwa waya mfupi, mpana, usio na kona kali. Urefu una gharama: mkondo wa ampea 30,000 ukipanda ndani ya maikrosekunde 2, kila mita ya waya huzaa takriban volti 15,000 kati ya ncha zake. Waya uliobaki ukate, usiuviringe ukauning'iniza. Nimekuta mafundi wazuri kabisa wakiuviringa ili ukutani pawe nadhifu, na inaniuma kila nikiona.

Hata hivyo aresta hupunguza tu. Radi ikishukia antena yenyewe, redio inayopona ni ile isiyounganishwa na kitu. Na ninyi wa Bukoba mna jambo lenu: usiku hewa ya nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria na kupanda, ngurumo hujengeka huko, kisha upepo wa mashariki huzisukuma kwenu alfajiri, mkiwa mmelala. Usingoje kuona wingu. Kila ukimaliza kuongea hewani, chomoa koaksi na ncha yake uitoe nje ya dirisha, chomoa plagi ya pawasaplai, chomoa na waya wa kompyuta. Huu wa kompyuta husahaulika, na nao ni njia.

Ukishasikia ngurumo, usishike waya wowote. Kati ya mwanga na mlio, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja, lakini radi inayosikika tayari inaweza kukufikia. Kaa mbali na redio hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Redio iache iungue.

SWALI: Mimi natumia sola na betri ya volti 12 tu, sina umeme wa gridi. Bado nina haja ya kuchomoa?

JIBU: Ndiyo. Nyaya zinazoshuka toka kwenye paneli juu ya bati huokota umeme wa radi kama antena. Chomoa koaksi, na utenganishe redio na betri, chanya na hasi zote mbili. Fremu ya paneli iunganishwe na ethi ileile ya antena.