Nem chua: maswali yenu kuhusu nguruwe wa kuchachushwa wa Vietnam

Maswali ya wiki hii yamejikusanya kwenye nem chua, vifundo vya nyama ya nguruwe iliyochachushwa na kufungwa kwa jani la mgomba.

Ndizo zile zinazofanana na sambusa ndefu?

Sizo. Zile za kukaangwa ndani ya karatasi ya mchele kaskazini huitwa nem rán, kusini chả giò. Nem chua haipiti motoni. "Chua" maana yake ni yenye ladha ya uchachu. Paja lisilo na mafuta hutwangwa likiwa bichi, kisha huchanganywa na ngozi iliyochemshwa na kukatwa nyuzinyuzi, chumvi, sukari, kitunguu saumu, pilipili na unga wa mchele wa kukaanga.

Kitimoto kibichi! Ni salama kweli?

Hapa naomba tutulie. Bakteria wa asidi ya laktiki hula sukari na kutoa asidi, na baada ya siku tatu hadi tano nyama inashikamana na kuchacha. Uchachu huo unawazuia vijidudu wengi, lakini minyoo haiogopi. Kugandisha vipande vyembamba kwa nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 20 huua trikinela, mnyoo wa nyama ya nguruwe. Bakteria wa salmonela hubaki hai. Mafundi wa Vietnam hutafuta nyama iliyochinjwa alfajiri ileile, na wengi hutumia pakiti ya viungo yenye chumvi ya naitraiti ya kuhifadhi nyama, inayopimwa kwa mizani, si kwa kukisia. Mjamzito, mtoto, mzee na mwenye kinga dhaifu wasiionje kabisa.

Nami nawashauri hivi: changanyeni viungo vilevile, mfunge kwa majani, mpike kwa mvuke mpaka katikati ifike nyuzi 71, kisha uchachu utoke kwenye ndimu na kachumbari ya siki. Hiyo si nem chua yenyewe, nakiri, lakini harufu ya jani na mchele inabaki, na hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi.

Unga wa mchele natengenezaje?

Kaanga mchele mkavu bila mafuta, moto mdogo, ukikoroga hadi upate rangi ya asali, halafu usage. Vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa kilo. Hunyonya maji ya nyama. Usiuharakishe, ukiungua ni uchungu mtupu.

Majani gani?

Mpera! Jani changa la mpera hulala juu ya nyama, kisha jani la mgomba lililopashwa moto ili lisipasuke. Thanh Hóa, mkoa unaosifika kwa nem chua, hupendelea jani la kichaka kiitwacho đinh lăng. Lai Vung, kusini, huweka la vông, mti wa ukoo mmoja na mbamba-ngoma wetu.

Inaliwa na nini?

Na bia baridi, pilipili mbichi na vipande vya kitunguu saumu. Kila mtu hufungua kifundo chake mezani, kwa hiyo usiwafungulie wageni. Kubandua majani ni nusu ya raha. Wakati wa Tết, mwaka mpya wao, haikosekani, na wasafiri wa Thanh Hóa hurudi na mafungu ya zawadi.

Sisi hatuli nguruwe.

Tumieni ng'ombe, sehemu isiyo na mafuta, kwa njia ileile ya mvuke. Ngozi ya nguruwe mwiache. Tambi nyembamba za mchele zilizochemshwa na kukatwa hutosha kuleta zile nyuzi.