Kabla hujalipia kiwanja Kimara, shuka bondeni kwanza

Kiwanja changu kilipimwa kwa miguu ya dalali. Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2012, jua kali, vumbi jekundu limetupanda hadi magotini, naye anahesabu hatua kwa sauti kama refa anayemhesabia bondia aliyeanguka: 20 kwa huku, 20 kwa kule. Alikuwa mtu mrefu, lakini kadiri tulivyoteremka ndivyo hatua zake zilivyozidi kuwa fupi. Miaka minne baadaye wapimaji walipokuja na vifaa vyao, upande wa chini ulikutwa na mita 15 na ushee. Hilo nilishamsamehe. Ninachojilaumu ni kwamba siku ile nilimuuliza bei, nikamuuliza umeme, nikamuuliza hata kama simu inashika mtandao, ila sikumuuliza mtu yeyote mvua ikinyesha maji hupita wapi.

Yalikuwa yanapita kwangu.

Naishi Kimara, Dar es Salaam, na naandika haya kwa sababu haupiti mwezi bila ndugu, jamaa au mtu wa kazini kuniuliza: "Kimara pakoje? Kuna kiwanja nimeonyeshwa, bei nzuri." Huwa sina jibu la neno moja. Kuna Kimara ya juu, barabarani, na kuna Kimara ya chini, mabondeni, na kati yake kuna mteremko. Ukiuelewa mteremko huo utaelewa bei, maji, nauli ya bodaboda, na hata kwa nini nyumba fulani nzuri inauzwa harakaharaka mwezi wa pili, kabla masika hayajaingia.

Anza na barabara, maana Kimara ni mtoto wa barabara. Pugu na Ukonga zilikua kandokando ya reli, ile ya Wajerumani iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro 1907. Huku kwetu reli haikupita. Iliyopita ni Barabara ya Morogoro, ikipanda kutoka Ubungo na kufuata mgongo wa kilima, na mashamba yakabaki kushoto na kulia: mikorosho, minazi, miembe, mihogo. Yalikuwa ya Wazaramo, na mengine ya watu wa mjini waliotafuta pa kulima siku za mapumziko. Kumbuka Dar es Salaam nzima kwenye sensa ya 1967 ilikuwa na watu kama 273,000 tu. Leo Wilaya ya Ubungo peke yake, ambayo Kimara imo ndani yake tangu ilipomegwa kutoka Kinondoni, ina watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya sensa ya 2022.

Jinsi mji ulivyokuwa ukisogea utaisikia kwenye vinywa vya makonda. Kimara Mwisho ni mwisho wa daladala za enzi hizo. Ukimwambia hivyo kijana wa leo anacheka, kwa sababu Mwisho hapo sasa ndipo mambo yanapoanzia: tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yanageuzia hapo kwenda Kivukoni na Gerezani, na alfajiri foleni ya abiria ni ndefu kuliko ya sadaka. Mwisho ukahamia Mbezi, ukaitwa Mbezi Mwisho, nako hakukudumu: Februari 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ikahama Ubungo ikaja hapo Mbezi Luis, na watu wakaendelea kusogea Kibamba, Kiluvya, hadi Kibaha ambako ni mkoa mwingine kabisa. Dalali akikuambia "hapa ndiyo mwisho wa mji, tulia kabisa", mpe miaka mitano.

Sasa, wengi wakishasikia habari za mabonde hukimbilia juu, karibu na lami. Huko nako pana yake. Mwaka 2017 alama za X nyekundu zilitembea kwenye kuta kuanzia Kimara hadi Kiluvya, na hifadhi ya barabara ikahesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zilivunjwa nyumba zaidi ya elfu moja: za kuishi, za biashara, vituo vya mafuta, nyumba za ibada. Rafiki yangu mmoja alikuwa na nyumba na fremu tatu jirani na kituo cha Stop Over. Baada ya wiki ile alibakiwa na choo cha nje na nusu ya banda la kuku, vyote viwili vikiwa ndani ya mpaka halali. Ilipopita bomoabomoa ikaja barabara ya njia nane, kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, na lazima nikiri ni barabara nzuri. Yeye hupita juu yake kila siku akienda kazini, na hajawahi kuniambia anajisikiaje.

Ninachowashauri watu hapa ni kimoja na ni cha bure: nenda na futikamba. Usikubali maneno ya "bomoabomoa ilishapita, hapa salama". Iliyopita ni tingatinga, hifadhi haijaenda popote. Uliza TANROADS, wakala wa barabara, mpaka wa hifadhi unaishia wapi kwenye eneo lile unalolitaka, kisha upime mwenyewe ukiwa na shahidi. Na usiangalie lami peke yake. Kuna njia za umeme mkubwa zinazoelekea Ubungo na kuna mabomba makubwa ya maji, nayo yana nafasi zake ambazo hutakiwi kujenga, hata kama leo pamestawi mchicha na mtu anapauza.

Haya, turudi bondeni, maana ndiko nilikosomea.

Mgongo wa Kimara unamwaga maji pande mbili. Upande wa kusini, kupitia vijito na makorongo yenye majina ambayo hayaandikwi kwenye ramani yoyote, maji yanatafuta bonde la Msimbazi. Ndiyo maana mvua ikitupiga sisi huku juu asubuhi, mchana unasikia Jangwani pamefungwa na mwendokasi hazipiti. Maji yetu ndiyo hayo yamewafikia. Udongo wa huku ni mwekundu wenye mchanga, unakatika kama mkate uliokauka. Njia ya miguu ya mwaka huu, ikishapitiwa na masika mawili bila mfereji, ni korongo. Utaona nyumba zimezungushiwa viroba vya mchanga na matairi ya magari yaliyopangwa kama ngazi, mti wa mwarobaini umebaki juu ya kichuguu mizizi ikiwa nje. Mwenye macho aangalie hivyo, asiangalie rangi ya ukuta.

Mimi nilihamia kwenye nyumba yangu ikiwa na vyumba viwili na sebule, madirisha bado yana maturubai, na nilikuwa na furaha kama mfalme. Masika ya kwanza, usiku, mke wangu akaniamsha: "Baba, kuna kitu kinagonga mlango." Nikashika tochi. Kilichokuwa kinagonga ni ndoo, kwa ndani, inaelea. Ndala ya mtoto ilikuwa inasafiri polepole kutoka sebuleni kwenda jikoni. Maji yalikuwa yanaingia kwa mlango wa nyuma na kutokea wa mbele, wala hayakuwa na hasira, yalikuwa yanapita tu, kama mtu anayefuata njia yake aliyoizoea.

Asubuhi nilipokuwa nachota tope akaja bibi jirani, Mzaramo, mtu wa hapahapa tangu kuzaliwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasimama akiniangalia kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Si mngeuliza?"

"Ningemuuliza nani, bibi?"

"Hapo kwako tulikuwa tunalima magimbi."

Kwa mtu aliyekulia shamba sentensi hiyo inatosha. Magimbi hayalimwi pakavu. Mpunga vilevile, na miwa. Korosho na embe ni habari nyingine, mkorosho hautaki kusimama kwenye maji. Kwa hiyo siku hizi nikipelekwa kuangalia kiwanja cha mtu, swali langu la kwanza si la hati wala bei. Namtafuta mzee au bibi wa hapo, nakaa, tunaongea habari nyingine kwanza, halafu nauliza: zamani hapa mlikuwa mnalima nini? Dalali anaweza kukudanganya kuhusu maji. Bibi aliyelima hapo hana sababu, na akianza kukuhesabia miaka ya mavuno hawezi kunyamaza.

Njia nyingine ni kwenda mvua ikinyesha. Si baada ya mvua, ikinyesha. Vaa mabuti, panda kiwanja cha juu yako uone kinamwagia wapi, kisha shuka mpaka chini kabisa kwenye kijito uone alama za maji kwenye kuta za majirani. Mstari wa tope ukutani unakuambia urefu wa mafuriko bila kumuuliza mtu. Ukienda mwezi wa nane kama mimi, utaona bonde la kijani lenye upepo mzuri, na utasema Mungu amekupendelea.

Ukuta wa mawe na mfereji vilinigharimu fedha za vyumba viwili, na havikufanya kazi mpaka jirani wa juu naye alipokubali kuchimba wa kwake. Ujirani wa mteremko uko hivyo: kila mtu anatiririsha kwa mwenzake. Kabla ya kununua, mjue wa juu yako kuliko wa ubavuni.

Kuhusu maji ya kunywa, Kimara ina kichekesho chake. Maji ya Mto Ruvu yanasafishwa Ruvu Juu, Mlandizi, yanasukumwa kwa mabomba kufuata barabara hii hii hadi kwenye matangi ya Kimara, halafu kutoka hapo yanateremka mjini kwa uzito wake. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi sisi tuliokuwa jirani na matangi tulinunua maji ya boza, huku tukiyaona matangi yenyewe. Mtambo wa Ruvu Juu umepanuliwa hadi uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na hali imebadilika sana, sitasema uongo. Lakini anayekaa juu ya kilima bado hapati presha sawa na wa chini, na mwaka 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka mgao ulirudi na maboza yakarudi nao. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize mama mwenye nyumba ya jirani maji yanatoka siku gani na saa ngapi. Akikujibu papo hapo bila kufikiri, "Jumanne usiku na Ijumaa", ujue ni mgao. Nunua tangi kubwa kabla ya kochi.

Karatasi nitazipitia haraka kwa kuwa kila mtu anazihubiri. Kimara kubwa ilijengwa kwanza, ikapimwa baadaye. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutambua viwanja vilivyokwisha kujengwa, ulipofika kata za Kimara na Saranga, watu waliombwa wakate sehemu za viwanja kupisha barabara za mitaa, na waliokataa wakawa ndio wa kwanza kulalamika gari la wagonjwa halifiki kwao. Muulize muuzaji namba ya kiwanja kwenye mchoro wa upimaji, si barua ya mjumbe tu. Na pima mwenyewe, sijui kama nimeshasema habari za miguu ya dalali.

Nauli: hesabu bodaboda kutoka barabarani hadi kwako, mara mbili kwa siku, kisha iongeze ya siku za mvua ambapo boda anagoma kushuka au anataka mara mbili. Hiyo ndiyo kodi ya bei nzuri uliyopewa.

Mwaka jana, Agosti tena, nilimwona dalali yule yule akishuka na kijana na mkewe mjamzito kuelekea kiwanja kilicho chini yangu. Anahesabu hatua kwa sauti. Nikawasalimia, nikawakaribisha maji, wakakaa barazani. Yule dada akauliza mbona ukuta wangu mrefu hivyo wakati huku hakuna wezi. Kabla sijafungua mdomo, bibi akaita kutoka upande wa pili wa ua, akiwa bado anapepeta mchele wake:

"Mwanangu, uliza tulikuwa tunalima nini hapo!"

Dalali hajanisalimia tangu siku ile.