Viongozi wa chama waliingia jikoni bila hodi: nani atawajibika?

SWALI: Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, na pia ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini. Jumamosi moja, saa mbili usiku, wageni wakiwa mezani, maofisa wawili wa chama chetu walinipigia simu wakiwa kwenye lango la nyuma, nami nikawafungulia. Waliingia moja kwa moja jikoni wakaanza kuhutubia juu ya malipo ya saa za ziada, na wenzangu wakaacha kazi kwa karibu saa nzima. Sasa meneja amenipa barua ya kujieleza, amesema chama hakitakanyaga tena hotelini, na ametuonyesha karatasi aliyoitoa mtandaoni isemayo kwamba ofisa wa chama ni lazima awe na kibali na atoe notisi ya saa 24. Je, ni kweli? — Mpishi, Malindi

JIBU: Ndugu Mpishi, karatasi ya meneja wako inasema kweli, ila ni kweli ya Australia. Huko, chini ya Sheria ya Kazi ya mwaka 2009, ofisa wa chama anayetaka kuzungumza na wafanyakazi hubeba kibali chenye jina lake, hutoa notisi ya maandishi angalau saa 24 kabla, na mazungumzo hufanyika wakati wa chakula au mapumziko. Akizuia kazi au akijiendesha isivyofaa, hutozwa faini na mahakama, na kibali chake chaweza kusimamishwa au kufutwa, kwa muda usiopungua miezi 3 kwa mara ya kwanza na miaka 5 kwa mara ya tatu. Isitoshe, mwaka 2018 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba ofisa wa chama aliyetozwa faini aweza kuamriwa ailipe kutoka mfukoni mwake, asirudishiwe na chama.

Kenya haina kibali cha namna hiyo. Tunachofuata ni kifungu cha 56 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kinachomtaka mwajiri aruhusu maofisa wa chama kuingia kwa kiasi cha haki, ili waandikishe wanachama, wawawakilishe, waendeshe kura za chama na wafanye mikutano nje ya saa za kazi. Mwajiri naye amepewa haki ya kuweka masharti ya wakati na mahali ili shughuli zisivurugike au kwa ajili ya usalama, na ya kudai vitambulisho. Kwa lugha ya nyumbani kwetu, sheria imempa mgeni haki ya kukaribishwa, lakini haikumwondolea wajibu wa kupiga hodi.

Maofisa wako hawakupiga hodi. Mkutano ulifanyika katika saa za kazi, jikoni penye mafuta ya moto na visu, na uliongozwa na watu walioingia bila mwenye mahali kuwa na habari. Hoteli yaweza kwenda kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo hapa Malindi, ikaomba amri ya kuwazuia wasirudie; na mtu anayeingia au kubaki katika eneo la mtu binafsi bila idhini wala sababu ya haki aweza pia kushtakiwa kwa kosa la jinai.

Hata hivyo, mzigo mzito zaidi umewaangukia ninyi, na hili ndilo linalonikera katika mambo ya namna hii. Kuacha kazi kwa pamoja ili kumshinikiza mwajiri ni mgomo, hata ukiwa wa saa moja, na mgomo hulindwa na sheria pale tu ambapo usuluhishi umeshindikana na ilani ya maandishi ya siku 7 imetolewa. Usipolindwa, kifungu cha 80 cha Sheria ile ile ya Mahusiano ya Kazi kinamhesabu mfanyakazi kuwa amevunja mkataba wake: hana haki ya malipo ya muda ule, na aweza kuchukuliwa hatua za nidhamu. Ofisa aliyehutubia amekwisha kurudi ofisini kwake, naye hana kibali cha kupoteza kama mwenzake wa Australia. Aliyesikiliza ndiye anayekatwa mshahara.

Kuhusu marufuku ya kudumu, meneja amevuka mpaka. Kosa la usiku mmoja humpa sababu ya kuweka masharti makali zaidi, kwa mfano chumba maalumu baada ya zamu ya mchana, bali halimpi mamlaka ya kuifuta haki yenyewe. Akikataa kabisa, chama chaweza kulipeleka suala hilo mahakamani kwa hati ya dharura. Wala hawezi kuacha kukata ada za wanachama ati kwa sababu amekasirika. Na akitaka kuondoa makubaliano ya kukitambua chama, njia ni kuomba kwa Bodi ya Kitaifa ya Kazi.

Tuje kwenye barua yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza mtu kufutwa kazi kwa sababu ya uanachama wake, au kwa shughuli za chama alizofanya nje ya saa za kazi. Ndani ya saa za kazi, ulinzi huo hutegemea idhini ya mwajiri, nawe hukuwa nayo. Kwa hiyo usijibu kwamba unaonewa kwa ajili ya chama, maana hoja hiyo itaanguka. Jibu kwa maandishi kabla ya muda kwisha. Eleza kwamba ulifungua lango ukidhani wanakuja kuonana na uongozi, ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ukiri kwamba hukumwarifu msimamizi wako. Wakikuita kikaoni, kifungu cha 41 kinakuruhusu kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi mwingine wa chama hapo kazini. Mchague mtu ambaye usiku ule hakuwa jikoni.